Mama kakataa kupita kwenye mashine inayoona mwili. Ana haki hiyo au atarudishwa Kigoma?

#1 Mwana wa Ujiji

Wakuu, salaam.

Mama yangu ana miaka 68. Ndege anaijua ile ya Kigoma–Dar tu, na hiyo kapanda mara mbili. Mwezi ujao anakwenda Uingereza, dada yangu kajifungua na anamtaka mama akamlee uzazi. Viza imetoka, tiketi ipo mkononi. Balaa limeanzia barazani.

Mama mdogo alisafiri mwaka jana akapitia uwanja mmoja wa Ulaya. Anasimulia kwamba aliingizwa kwenye kibanda cha vioo, akaambiwa atanue miguu na ainue mikono kama mateka. Alipotoka akaona kwenye skrini katuni ya mtu, ina kisanduku cha njano kiunoni. Binti wa ulinzi akampapasa palepale, foleni nzima inatazama. Akakuta shanga. Akamwita mwenzake, wakazibinyabinya juu ya gauni, wakaulizana kwa lugha yao, mmoja akacheka. Mama mdogo anasema bora wangemrudisha.

Sasa mama kaapa kwamba mashine hiyo hapiti. Na shanga havui, kazivaa tangu enzi za marehemu mzee.

Ninavyojua mimi ile mashine inakuonyesha uchi kama ulivyozaliwa, na abiria ana haki ya kuikataa popote duniani. Nipo sahihi? Nawasilisha.

#2 Kijana wa Gungu

Nimekaa mbele kabisa na kahawa yangu. Waje wanaopanda ndege, sisi wengine tunajua Reli ya Kati tu, ukaguzi wake ni tiketi na kuku wangapi.

#3 Mzigo wa Guangzhou

Mleta mada, hiyo ya "popote duniani" ifute. Kila nchi na utaratibu wake. China nimepita zaidi ya mara kumi. Pale mara nyingi wanakusimamisha kwenye kijukwaa kidogo, unageuka huku na huku, anakupitisha kifimbo cha kutafuta chuma na kukugusa mifuko, mgongo, hadi nyayo. Haulizwi mtu kama anapenda. Ukikataa, geuka urudi ulikotoka.

Ila mwanamke anakaguliwa na mwanamke, hilo nimeliona kila mara.

#4 Mama Dagaa

Pole kwa mama mdogo. Lakini mimi nina swali kwake: Dar alipita salama? Maana na mimi nina za kwangu, nimepita Dar, Nairobi na Dubai, hakuna kilicholia. Iweje Ulaya ndiko aumbuke?

Na hao wa Ghuba wana ustaarabu mmoja. Mwanamke unaingia kwenye kichumba chenye pazia, humo ndani yumo mwanamke mwenzio, anakupitisha kifimbo, umetoka. India nilikompeleka mume wangu kwa matibabu ni hivyohivyo, wanawake foleni yao na pazia lao. Hakuna wa kukukodolea macho.

#5 Fundi Redio

Mama Dagaa umegusa penyewe. Hizo ni mashine mbili tofauti kabisa.

Ule mlango uliouzoea unatafuta chuma. Shanga ni kioo au plastiki, mlango hauna habari nazo. Kibanda cha vioo ni kitu kingine. Kina milingoti miwili inayokuzunguka na kurusha mawimbi ya redio mafupi sana, kati ya gigahezi 24 na 30, yaani urefu wa wimbi ni kama sentimita moja. Mawimbi hayo yanapenya nguo, yakifika kwenye ngozi yanadunda kwa sababu ngozi ina maji. Kompyuta inapokea yaliyodunda. Kitu chochote kilichokaa kati ya nguo na ngozi, kiwe chuma, karatasi, plastiki au nta, kinadunda tofauti. Hapo ndipo kisanduku cha njano kinachorwa.

Kwa hiyo Dar kimya, Ulaya kelele. Shanga ni zilezile.

Na la kuonyesha uchi, hilo lilikuwa zamani. Siku hizi picha halisi haitokei kabisa, ni ile katuni tu, mwanamke mwanamume wote katuni moja. Mama mdogo mwenyewe kaiona.

#6 Abu Salma

Fundi, usiseme zamani kama vile ni enzi za Mjerumani. Januari 2010 Waingereza walipoanza kukaza baada ya yule kijana wa Nigeria, mashine za mwanzo zilionyesha umbo lote, na mtu kakaa chumba cha pembeni anatazama. Februari mwaka huohuo Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilitoa tamko kuwa mashine hizo zinakwenda kinyume na mafundisho ya Uislamu kuhusu sitara, likawashauri Waislamu waombe kupekuliwa kwa mikono. Hata Papa Benedikto wa 16 mwezi huohuo aliwaambia wafanyakazi wa viwanja vya ndege kuwa utu wa mtu utangulie. Sio wazee wa Ujiji peke yao.

Na mwanzoni mwa 2010 pale Manchester wanawake wawili Waislamu waliokuwa wanakwenda Pakistani walichaguliwa kupita, wakakataa, mmoja kwa dini, mwingine kwa sababu za afya. Hawakupanda ndege. Tiketi zikaishia hapo.

Mleta mada, mama yako anakwenda nchi hiyohiyo. Fikirini.

#7 Mzigo wa Guangzhou

Kijana wa Nigeria ndiye yule wa bomu la kwenye kiatu?

#8 Abu Salma

Hapana. Wa kiatu alikuwa Mwingereza, Desemba 2001, ndiye aliyetuvulisha viatu. Njama ya vinywaji iligunduliwa London Agosti 2006, ndiyo ikaleta mililita 100. Wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alificha baruti kwenye chupi, ndege ya Amsterdam kwenda Detroit, siku ya Krismasi 2009. Haikulipuka ilivyokusudiwa, akaungua mwenyewe.

Kila mmoja katuachia urithi wake.

#9 Kijana wa Gungu

Kiatu, chupa, chupi. Nasubiri urithi wa nne nikiwa nimekaa Gungu.

#10 Sina Wigi

Nimesoma sheria ingawa sifanyi kazi mahakamani. Abu Salma yuko sawa kwa mwaka 2010 ila ameishia njiani.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa "hupiti, hupandi". Novemba 2013 walibadilisha. Sasa abiria akichaguliwa anaweza kukataa mashine na kuomba njia nyingine. Lakini soma hapa polepole, mleta mada: njia hiyo nyingine ni upekuzi wa kina kwa mikono, ndani ya chumba cha faragha, na unaweza kukutaka ulegeze au uvue baadhi ya nguo. Akikataa na hilo, hapandi.

Kwa hiyo mama akikimbia katuni anaweza kukutana na chumba. Swali la kumuuliza ni lipi kwake lina stara zaidi.

Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu kanuni za Novemba 2011: mashine za eksirei haziruhusiwi kukagua abiria, picha isihifadhiwe wala kunakiliwa wala kuchapishwa, abiria aelezwe kabla, na ana haki ya kukataa akakaguliwe kwa njia nyingine. Kama kuna binadamu anayetazama picha, abiria anaweza kuomba awe wa jinsia yake. Mama mdogo alikuwa na haki zote hizo. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza, maana nani anauliza pale pantoni ya watu nyuma yako?

Marekani unaweza kukataa ukapapaswa na afisa wa jinsia yako, na una haki ya kuomba chumba na kuingia na mtu wako wa kushuhudia. Ila tangu Desemba 2015 wamejiachia nafasi ya kuwalazimisha baadhi ya abiria.

Australia ndio wagumu. Kule sheria ya 2012 haikuacha mlango wa kupapaswa badala ya mashine, isipokuwa kwa sababu za kiafya au ulemavu.

Na hakuna mkataba wa dunia unaokupa haki ya kukataa. Kiambatisho cha 17 cha shirika la anga la kimataifa, cha tangu 1974, kinazitaka nchi zikague abiria. Namna ya kumkagua kila nchi inajipangia.

#11 Mwana wa Ujiji

Ahsante sana mkuu. Hapo kwenye kuvua nguo nimesoma mara tatu. Mama bado sijamwambia.

#12 Mnyamwezi wa Asali

Salaam kutoka Tabora. Mimi nina chuma mguuni, skrubu nane, kumbukumbu ya bodaboda. Milango ya kawaida inanililia kila nipitapo, nakunja suruali, naonyesha kovu, tunacheka. Lakini kwenye kibanda cha vioo nilipita kama malaika. Hakuna kisanduku wala nini.

Fundi, elezea hili. Mguu wangu una chuma, shanga hazina. Iweje mimi nipite na bibi wa watu ashikwe?

#13 Fundi Redio

Kwa sababu mawimbi yale hayaingii ndani ya mwili, Mnyamwezi. Yanaishia kwenye ngozi. Skrubu zako ziko chini ya ngozi, kwake hazipo. Ndiyo maana hata wale wanaomeza kete za dawa za kulevya kibanda hiki hakiwaoni. Wa kuona tumboni ni mashine ya eksirei inayopitisha miale mwilini, inatumika magerezani na kwa washukiwa, hiyo ni habari nyingine.

#14 Mama Dagaa

Basi kama ni hivyo mimi bado sikubali kuwa ni shanga. Dada yangu wa Mwanga alipita kibanda hichohicho na shanga zake mistari mitatu, hakikusema kitu. Kisha siku nyingine hana shanga, kikamchora kichwani. Kichwani! Kisa kasuka rasta nene. Wakamvurugavuruga nywele.

Mama mdogo alivaa nini siku hiyo? Maana sisi wanawake wa Kigoma tukisafiri pesa haikai kwenye mkoba.

#15 Binti Katubuka

Rasta ni kweli, Wamarekani weusi wamelalamikia hilo miaka mingi. Mawigi, mafundo ya nywele, vilemba, yote inachora.

Lakini mimi naona ni jasho. Safari ya saa nane, joto, gauni zito na kitenge juu. Jasho ni maji na Fundi kasema mawimbi yanadunda kwenye maji. Mimi nilichorwa mgongoni na sina kitu mgongoni isipokuwa kulowa.

#16 Fundi Redio

Jasho linawezekana. Mikunjo ya nguo pia. Wajerumani walizijaribu mashine hizi Hamburg kuanzia Septemba 2010 na lalamiko kubwa lilikuwa hilo, inapiga kelele kwa mikunjo na vifungo hadi foleni ikawa ndefu kuliko ya mikono.

Lakini kisanduku kiunoni na shanga kiunoni? Tuwe wakweli.

#17 Abu Salma

Kuna jambo mnalipita juu juu. Hizo ahadi za "picha haihifadhiwi" tunazipima kwa nini? Marekani walisema hivyohivyo kwamba mashine haziwezi kuhifadhi. Mwaka 2010 ikabainika mahakama moja ya Florida ilikuwa na picha zaidi ya 35,000 kwenye mashine yake, na 100 kati ya hizo zikawekwa mtandaoni mwezi Novemba.

#18 Sina Wigi

Ni kweli, ila weka sawa: ile ilikuwa mashine ya mlangoni mwa mahakama, sio ya uwanja wa ndege, na picha zilikuwa na ukungu. Kelele za miaka ile ndizo zilizoleta katuni. Bunge lao mwaka 2012 liliagiza mashine zote ziwe na programu ya katuni, zile za eksirei zikashindwa kuwekewa, zikaondolewa viwanjani kufikia katikati ya 2013. Kabla ya hapo, Julai 2011, mahakama ya rufaa ya Washington iliiambia mamlaka ya usalama kwamba ilianza kuzitumia bila kuwasikiliza wananchi kama sheria inavyotaka. Haikuzizuia, iliwaambia warudi wakawasikilize. Kanuni yenyewe ikatoka 2016.

Miaka mitano ya kusikiliza. Kesi zetu za viwanja vya kujenga kule Mwanga zina nafuu.

#19 Kijana wa Gungu

Viwanja vya Mwanga usivitaje, humu ndani wapo washitakiwa.

#20 Mzigo wa Guangzhou

Mimi sioni haja ya kumtisha mama wa watu. Avue shanga, azitie kwenye pochi, akifika avae. Mkanda wangu navua, saa navua, viatu navua. Tofauti iko wapi?

#21 Mama Dagaa

Tofauti iko kwenye kuzaliwa mwanamume. Shanga za mama wa miaka 68 hazina kishikizo, zilitungwa zikiwa mwilini. Kuzitoa ni kukata uzi. Wewe mkanda wako una kishikizo.

#22 Mzigo wa Guangzhou

Hilo sikulijua. Samahani mama.

#23 Mwendo wa Pole

Jamani, mimi nauliza kitu kingine. Akikataa, ndege ikamwacha, shirika linarudisha nauli? Nasikia Ulaya wanalipa hadi yuro 600.

#24 Sina Wigi

Hiyo 250, 400 au 600 ni kanuni ya Ulaya ya 2004: ndege kufutwa, kuchelewa sana, au kukataliwa kupanda bila sababu ya msingi. Kanuni yenyewe imesema sababu za usalama ni za msingi. Aliyegoma kukaguliwa hapati hata yuro ya chai.

Kwa yaliyomkuta mama mdogo, kuchekwa na kubinywabinywa mbele ya foleni, ni malalamiko ya kuandika kwa uwanja wenyewe na mamlaka ya nchi ile, tarehe, saa, namba ya lango. Kwetu ingekuwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na tuna Katiba ibara ya 16 inayotaja heshima na hifadhi ya mtu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ila ibara hiyohiyo inaacha mlango kwa sheria kuweka mipaka, na usalama wa ndege unapita mlango huo kila siku.

#25 Mnyamwezi wa Asali

Mimi kesi yangu ni asali. Nilibeba chupa ya nusu lita ya nyuki wadogo kwenye begi la mkononi, zawadi ya bosi. Afisa akaigeuza juu chini, ikawa inashuka taratibu, akasema hiki ni kimiminika. Nikasema hiki ni chakula. Akasema kinashuka. Ikaenda kwenye pipa nikiitazama.

Wenye kwenda Ulaya, iwekeni kwenye begi kubwa, na isizidi kilo 2 kwa mtu. Samaki hadi kilo 20. Nyama na maziwa kutoka huku marufuku kabisa.

#26 Mama Dagaa

Kilo 20! Wanaume hamkuanza na habari hiyo, mkaanza na bomu la chupi.

#27 Kijana wa Gungu

Mnyamwezi, mngekuwa na mawese mngejua kufunga chupa. Tabora mnajua kupanda miembe tu.

#28 Mnyamwezi wa Asali

Treni yenu inapita kwetu kwanza, ongea vizuri.

#29 Abu Salma

Turudi kwa mama. Kwa upande wa hijabu, nijuavyo Marekani haivuliwi lazima. Wanaweza kukupapasa juu yake, au ukajipapasa mwenyewe kisha wakakufuta viganja kwa kitambaa cha kutafuta mabaki ya baruti. Ikilazimu kuivua, ni chumbani na mwanamke.

Na mimi bado nasimama pale: mikono ya mwanamke mwenzio chumbani ni sitara kuliko mashine iliyotengenezwa na mtu usiyemjua.

#30 Binti Katubuka

Mimi nasimama upande wa pili. Katuni haina macho. Mikono ina mikono. Nilipapaswa mara moja, sirudii.

#31 Mwana wa Ujiji

Wakuu, nimemsomea mama uzi mzima jana baada ya Isha, niliruka utani wa Kijana wa Gungu.

Alipofika #10 akanisimamisha. Akauliza: kibandani nakaa muda gani? Nikasema sekunde chache. Chumbani? Nikasema sijui, labda dakika kumi, labda zaidi. Akakaa kimya. Akasema basi kibanda, ila kikichora, wasinishike mbele za watu, wanipeleke chumbani na mwanamke. Shanga hazikatwi.

Sina Wigi, naomba uniandikie maneno hayo kwa Kiingereza kifupi, nimchapie kwenye karatasi aiweke ndani ya pasipoti. Yeye hawezi kuyasema, ila kuonyesha karatasi anaweza.

#32 Sina Wigi

Nimekutumia pembeni. Mistari miwili, herufi kubwa. Aitoe kabla ya kuingia kibandani, asisubiri kichore. Na aombe kiti cha magurudumu uwanjani, miaka 68 inaruhusu, msaidizi atakuwa naye pale pale mlangoni.

#33 Fundi Redio

Safi. Na asivae gauni lenye mikunjo mingi wala shati lenye kadi mfukoni. Asiweke hata kitambaa cha kufutia jasho. Kwenye mwili zibaki shanga tu, kisha tuone nani alikuwa sahihi, mimi au Mama Dagaa.

#34 Mwana wa Ujiji

Haya, kuna jipya. Mama mdogo kaambiwa kuhusu uzi huu, kanipigia simu asubuhi amekasirika kwamba namtangaza. Nikamwambia hakuna aliyekutaja jina. Katulia. Kisha nikamuuliza swali la Mama Dagaa, ulivaa nini siku ile.

Akasema: gauni, kitenge, na dola 400 kwenye kitambaa, nimefunga kiunoni.

#35 Mama Dagaa

NILISEMA.

#36 Fundi Redio

Ngoja ngoja. Ilikuwa upande gani wa kiuno? Kisanduku kilichorwa upande gani? Noti nazo zinadundisha, lakini shanga zinazunguka mwili mzima.

#37 Binti Katubuka

Na alikuwa anatoka jasho?

#38 Mwana wa Ujiji

Nimempigia tena kumuuliza upande. Kakata simu.